Mfalme Aliyepumzika Siyumbi

Anayetaka kujua njia ya kwenda Siyumbi na awaulize madereva. Sisi tutaanzia pale watu wanne wa Klabu ya Sataranji ya Lugombo walipokwisha kufika, wakiwa na mabegi yao, njaa yao, na ubao mmoja wa akiba uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Walikuja kucheza mechi ya mwisho ya ligi dhidi ya Klabu ya Daima, mabingwa wa nchi ile, ambao kwa miaka thelathini na mmoja hawakuwahi kufungwa hata ubao mmoja.

Bi Stumai Kibwe, fundi cherehani wa miaka arobaini na tatu, alikuwa mchezaji wa nne wa Lugombo, maana yake alikuwa wa mwisho. Ligi ilikuwa na klabu nane, na yenye kushika mkia ilifutwa kwenye orodha. Lugombo walikuwa mkiani. Ili wajinasue walihitaji pointi moja tu, yaani mmoja wao ashinde ubao wake. Klabu ikifutwa, chumba chao kilichoko nyuma ya mashine ya kusaga kingerudishwa kwa kata, na kata ilikwisha kutamka kwamba humo vitawekwa viti vya harusi.

Watu wengine wangeona ni chumba tu. Lakini mchana kutwa Stumai alisikiliza wateja wakimwambia kiuno kipunguzwe, mkono uongezwe, lesi iondolewe; na jioni, ndani ya chumba kile, watu wazima walinyamaza kimya wakisubiri kuona yeye ameamua nini. Alikipenda chumba kile kwa namna ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Aliapa kimoyomoyo kwamba hatarudi Lugombo bila ile pointi, na Stumai alikuwa mtu wa kushona upya vazi zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda.

Jambo la kwanza waliloulizwa Siyumbi ni siku ya kuondoka. Ofisa wa mpakani aliuliza, mwenye nyumba ya wageni akauliza, hata mama muuza machungwa aliuliza, wote kwa tabasamu na mkono kifuani: "Karibuni sana. Mnaondoka lini?" Mwalimu Kasiga, nahodha wao, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye goti bovu, alisema huo ndio ukarimu wenyewe, watu wanataka kujipanga wawaage vizuri. Stumai hakubisha, ila aliona kwamba kila aliyeuliza aliandika jibu mahali.

Chakula cha mchana kilikuwa wali uliokuwa mweusi chini, kati na juu. Stumai alimwita mpishi, akamwambia kwa upole kwamba wali umeungua.

"Haujaungua, mama," mpishi akajibu bila kukasirika. "Bado unaiva."

Meza ya pili walikaa Wasiyumbi watano wakila wali uleule, wakiusifu, na mmoja wao aliomba aongezewe. Mwalimu Kasiga akakohoa, akala mchuzi.

Mwenyeji wao alikuwa katibu wa Klabu ya Daima, Ndugu Sumaili, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na adabu isiyokwisha. Aliwatembeza mjini ili waone maendeleo. Waliona daraja lililoangukia mtoni, na ubao uliosema DARAJA LIMEINAMA KWA MUDA; watu walivuka majini wameshika viatu mkononi, na kila aliyefika ng'ambo alimpungia mkono mhandisi wa daraja aliyesimama ukingoni, naye aliitikia. Waliona shule ambamo mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alikuwa na mvi na wajukuu, kwa sababu huko hakuna anayefeli. Ambaye hajafaulu, mtihani wake unaendelea. Uwanjani kulikuwa na mechi ya mpira iliyoanza wakati baba yake Sumaili ni kijana. Wenyeji walikuwa nyuma kwa mabao manne, kwa hiyo kipenga cha mwisho hakijapulizwa, na wachezaji wa sasa walikuwa wajukuu wa wale wa kwanza. Wakapita mahakamani pia, na Sumaili akaeleza kwa fahari kwamba hakuna mtu aliyewahi kushindwa kesi mle. Editha, muuguzi, mchezaji wa tatu wa Lugombo, akauliza kama yupo aliyewahi kushinda, na Sumaili akasema swali hilo ni zuri.

"Kwani nyinyi hamkosei?" Stumai akauliza.

Katibu alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Tunakosea, mama, kama binadamu wengine. Ila hatufikishi mwisho."

Ukumbi wa Daima ulikuwa mkubwa na safi. Kuzunguka kuta zake zilipangwa meza arobaini, kila moja imefunikwa kitambaa, na juu ya kila kitambaa kilisimama kibendera kidogo cha karatasi cha klabu fulani ya ugenini. Sumaili alieleza kwamba chini ya vitambaa kuna michezo iliyoahirishwa. Mwalimu Kasiga akauliza itamalizwa lini.

"Ilikwisha kuamuliwa yote, Mwalimu. Wageni waliondoka."

Na ukutani, kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu, ziliandikwa kanuni za mchezo za Siyumbi, nazo zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: Mchezo haujaisha mpaka mwenye mfalme aseme umeisha. Ya pili: Anayekosa kikao kabla mchezo haujaisha, huyo ndiye aliyeshindwa. Watu wa Lugombo walizisoma, wakaona ni za haki, maana zilikuwa fupi.

Mechi ilipangwa saa tatu asubuhi, lakini mgeni rasmi alikuwa na maneno machache. Aliwatambua waliokuwapo, kisha wasiokuwapo, kisha waliotuma salamu. Aliipongeza Daima kwa ushindi wa siku ile. Rajabu kinyozi, mchezaji wa pili wa Lugombo, akanong'ona kwamba bado hawajaanza, na jirani yake Msiyumbi akamtuliza kwamba hilo halina ubaya. Saa nane kasorobo kete zikaanza kusogea.

Desturi ya Siyumbi ni kwamba mkubwa wa wenyeji hucheza na mdogo wa wageni, na wao huita hiyo heshima. Kwa hiyo aliyeketi mbele ya Stumai alikuwa Mheshimiwa Ngwarisho mwenyewe, bingwa wa nchi, mzee mnene wa miaka sitini na kitu, aliyevaa joho lenye nishani thelathini na moja, moja kwa kila mwaka wa kutoshindwa. Nishani zilikuwa nzito, akawa anapumua kwa shida. Alimsalimia Stumai vizuri, akamuuliza anaondoka lini.

"Tukimaliza," Stumai akasema.

Editha alifungwa saa tisa, Rajabu saa tisa na nusu, wote kihalali. Kama ilivyo desturi ya Lugombo, kila mmoja alimlaza mfalme wake, akampa mwenzake mkono na kusema ameshindwa. Ukumbi mzima ulishtuka. Mama mmoja alimziba mjukuu wake masikio. Lakini matokeo yao yaliandikwa upesi sana, tena kwa wino mwekundu, na karani akayapiga mhuri mara mbili.

Mwalimu Kasiga, kwa upande wake, alikuwa anakula kete za mpinzani wake taratibu, moja moja, kwa raha ya mtu anayekula karanga. Alipobakiza hatua mbili tu amalize kazi, mpinzani akasimama, akainama kwa adabu na kuomba mchezo uendelee kesho. Ikakubaliwa.

Ngwarisho alicheza vizuri. Hili lazima lisemwe, maana baadaye watu walisema mengine. Alifungua kwa umakini, akamsukuma Stumai nyuma, na kwa muda mrefu Stumai alikuwa na kazi ya kuziba matundu tu. Kisha, katika hatua ya kumi na tisa, bingwa akampeleka malkia wake pembeni kabisa kula askari mmoja, na Stumai akaona mlango umeachwa wazi. Akaingia. Hatua ya thelathini na nne, mfalme wa Siyumbi alikuwa kabanwa kwenye kona ya ubao: ngome nyeupe ya Stumai imemkalia uso kwa uso, farasi anailinda ngome ile isiliwe, na farasi huyohuyo kaziba njia ya pembeni. Hakukuwa na kete ya kumwokoa wala mahali pa kukimbilia.

"Amekamatwa," Stumai akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa pointi yenyewe, na chumba chenyewe.

Ngwarisho aliuangalia ubao. Alifungua mdomo, lakini Sumaili alikuwa amekwisha kufika.

"Mfalme wetu amepumzika," katibu akatangaza. "Mchezo unaendelea kesho."

"Unaendeleaje, ndugu yangu? Hana pa kwenda."

"Ndiyo maana amepumzika, mama."

Kamati ikakaa asubuhi yake, milango wazi, maana Wasiyumbi hawana siri. Stumai alisikiliza mjadala wote akiwa kitini kwake. Kundi moja lilisema mfalme anapumzika. La pili lilisema hapana, anatafakari, na kumwita mpumzikaji ni kumvunjia heshima. Mjumbe mmoja mwenye sauti nzuri alisema mfalme hajakamatwa hata kidogo, ila amekataa kuhama kwa hiari yake mwenyewe, naye alipigiwa makofi. Mwingine akapendekeza ubao uongezwe mstari mmoja upande wa wenyeji, ili mfalme apate hewa.

"Ongezeni," Stumai akasema kutoka kitini. "Nitamfuata hukohuko."

Pendekezo likapelekwa kwenye kamati ndogo. Siku ya tatu wakateua wataalamu wa kuchunguza kama kona ile ni kona kweli. Siku ya nne wataalamu wakaomba muda.

Editha na Rajabu walikuwa wamerudi Lugombo siku ya pili, mmoja kwenye zamu yake na mwingine kwenye kiti chake cha kinyozi. Mwalimu Kasiga alivumilia hadi siku ya tano. Mpinzani wake alikuwa akija kila asubuhi, anakaa, anautazama ubao, anaomba kesho. Goti la Mwalimu lilikuwa limevimba kutokana na kukaa, na siku ile alipojaribu kusimama alishindwa, ikabidi Stumai amshike kwapani.

"Stumai, mwanangu, twende zetu," akasema. "Hawa watu hawachezi na sisi. Wanacheza na kalenda."

"Wewe nenda, Mwalimu. Goti hilo linataka kutibiwa."

"Na wewe utakaa hapa mpaka lini?"

"Sijui. Lakini mimi kazi yangu ni kukaa, Mwalimu. Nimekaa kwenye cherehani miaka ishirini na mbili. Wao wamezoea watu wenye haraka."

Mwalimu alilia, na hakuona haya kulia. Alisaini daftari la kuondoka, na kabla wino haujakauka karani akaandika kwamba ameshindwa, yeye aliyekuwa amebakiza hatua mbili. Mchezo wake ukafunikwa kitambaa, ukapewa kibendera cha Lugombo, ukawa meza ya arobaini na moja.

Tangu hapo Wasiyumbi walianza kumtendea Stumai wema wa kutisha. Walimwalika kwenda kuona maporomoko ya maji, saa ya kikao. Walimwalika kwenye sherehe ya kumkaribisha, saa ya kikao. Walimpa cheti cha ushiriki, kisha cheti cha uvumilivu, kisha uanachama wa heshima wa Daima, ambao kwa bahati mbaya ulihitaji kwenda kuuchukulia mji mwingine. Kila asubuhi saa tatu alikuwa kitini, amefunga kilemba, mikono juu ya meza, na mfalme wao yuko palepale konani. Kila siku Sumaili alimuuliza anaondoka lini, na kila siku alijibu tukimaliza. Sumaili akaanza kukonda zaidi.

Siku ya saba Stumai alichoka kukaa bure. Aliona vitambaa vya zile meza vimechanika pindo, akaomba sindano na uzi. Sumaili aliona hapana ubaya. Pengine alidhani mwanamke mwenye kushona ni mwanamke aliyekwisha kukata tamaa. Kwa hiyo, kila kikao kilipomalizika kwa kuahirishwa, Stumai alizunguka meza kwa meza, anainua kitambaa, anakunja pindo, anashona, na huku macho yake yako ubaoni.

Alichokiona kilimfanya ajichome sindano mara mbili. Meza kumi na saba ziliandikwa jina la Ngwarisho. Katika kumi na moja kati ya hizo, mfalme wa mzee alikuwa amekamatwa, hakuna mjadala. Lakini katika sita zilizobaki hakuwa amekamatwa wala hakuwa karibu kukamatwa. Stumai alizipitia mara ya pili, kwa sababu hakuamini. Alirudi kitini akiwa na hasira ambayo hakuitarajia, hasira ya fundi anayeona kitambaa kizuri kimekatwa vibaya.

Siku ya tisa kamati ilikuwa ikijadiliana kwenye chumba cha pili, na mezani walibaki wawili tu, yeye na bingwa.

"Mheshimiwa, ule ubao wa dirishani, wenye kitambaa cha kijani. Ulicheza na nani?"

Ngwarisho hakuhitaji kukumbuka. "Bwana mmoja mrefu wa Klabu ya Mseto. Miaka ishirini na miwili sasa. Alinibana sana."

"Hakukubana. Wewe ndiye uliyembana."

Mzee akatabasamu, kama mtu aliyezoea kusifiwa. "Unanifurahisha tu, mama."

"Mimi? Nina siku tisa hapa, bado nina nguvu za kumfurahisha mtu? Njoo uone."

Ngwarisho alisitasita. Ilionekana kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuinua hata kitambaa kimoja. Alimfuata hadi dirishani, nishani zikigongana, na Stumai akafunua ubao. Akamwonyesha kwa kidole, bila kugusa kete: ngome ije hapa, yule bwana mrefu hana budi kula, farasi anaruka hapa, na basi. Hatua tatu.

Mzee aliinama juu ya ubao. Midomo yake ilihesabu, ikarudia kuhesabu.

"Malkia wake alisogea," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nakumbuka. Malkia wake alisogea, nikaogopa, nikaomba kesho."

"Na yeye akasubiri siku ngapi?"

"Nne. Mke wake alikuwa mjamzito." Akafunika ubao taratibu. "Wakanipa nishani. Nikadhani nimeokoka."

"Ziko sita za namna hiyo."

"Na zilizobaki?"

"Zilizobaki ulifungwa, Mheshimiwa. Tena ulifungwa vizuri kabisa."

Ngwarisho akacheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, hata mjumbe mmoja akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Halafu kicheko kikakatika. Mzee akaketi kwenye kiti cha mgeni mmoja aliyeondoka zamani, akashika uso.

"Mama, nijibu kweli. Mimi najua kucheza, au sijui?"

Stumai alijua kwamba jibu tamu lingeweza kumrudisha nyumbani na pointi yake. Alifikiri, akalikataa.

"Sijui," akasema. "Na wewe hujui. Hujamaliza mchezo hata mmoja."

Siku ya kumi Ngwarisho alikuja, akakaa, akautazama ubao tangu saa tatu hadi saa tisa. Kikao kikaahirishwa. Stumai aliporudi nyumba ya wageni miguu ilikuwa imemvimba, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama wateja wake Lugombo hawajatafuta fundi mwingine. Akaikanda miguu kwa maji ya chumvi, na asubuhi akavaa viatu vilevile.

Siku ya kumi na moja ukumbi ulijaa. Kamati ilikuwa imefikia uamuzi, na Sumaili alisimama na karatasi kuusoma. Mchezo huu, alisoma, umedhihirisha udugu wa Siyumbi na Lugombo. Wataalamu wamethibitisha kwamba kona ni kona, lakini wanasisitiza kwamba kona si mwisho. Mfalme anaendelea kupumzika. Kikao kijacho kitapangwa baada ya mvua.

"Mvua zinaanza lini?" Stumai akauliza.

"Zilikwisha kuanza, mama. Tutasubiri ziishe."

"Basi nitaomba mwavuli. Niko hapa."

Watu wakanung'unika. Palepale Mheshimiwa Ngwarisho akanyoosha mkono, akamshika mfalme wake kichwani kwa vidole viwili, akamlaza ubavu juu ya ubao.

"Nimeshindwa," akasema.

Sumaili alimwinamia sikioni, lakini kwa hofu alisahau kunong'ona, watu wote wakasikia. "Mheshimiwa amechoka. Mheshimiwa, tafadhali, fikiria nchi."

"Nimeifikiria siku mbili. Soma kanuni ya kwanza."

"Mheshimiwa, kanuni ile haikuwekwa kwa ajili ya..."

"Isome, Sumaili. Unayo ukutani."

Katibu akageuka, akaisoma, na sauti yake ilififia alipofika mwisho. Mjumbe mwenye sauti nzuri alisimama akasema mfalme hakuangushwa, amejilaza kwa hiari. Safari hii hakupigiwa makofi. Karani alipekua daftari lake kurasa mbele, kurasa nyuma, akalalamika kwamba hakuna safu ya jambo hili, wenyeji wana safu moja tu, ya ushindi. Stumai aliinuka, akachukua rula ya karani, akamchorea safu nyingine.

"Andika hapo," akasema.

Karani akaandika. Ngwarisho akasaini, Stumai akasaini, mhuri ukapigwa mara moja, na nakala moja Stumai akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. Machozi yakamtoka yenyewe, akayaacha. Klabu ilikuwa imebaki kwenye orodha. Viti vya harusi vitafute kwingine.

Basi la mchana lilikuwa linaondoka saa sita, na Sumaili, kwa mazoea, akamwambia kwamba akifanya haraka ataliwahi. Stumai aliinama kuchukua begi lake.

"Mama," Ngwarisho akamwita. Alikuwa ameanza kuvua nishani, moja moja, na kuziweka kando ya ubao, na alikuwa anapumua vizuri. "Rudisha kete nyuma. Nionyeshe nilipokosea."

Katika miaka yote ya Siyumbi maneno hayo hayakuwahi kusemwa mle ndani, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuyasema. Stumai alilitazama basi dirishani. Akaweka begi chini, akaanza kurudisha kete, hatua kwa hatua, hadi ya kumi na tisa.

"Hapa. Malkia alikwenda kula askari wa pembeni."

"Alikuwa bure, yule askari."

"Alikuwa bure, ndiyo. Lakini ona mfalme kabaki na nani."

Mzee akainama, akaona, akajipiga paja. "Mimi hufanya hivi kila mara! Kila mara! Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Wangekuambia saa ngapi, Mheshimiwa? Waliondoka."

Watu wakaanza kusogea. Kwanza walisimama mbali, wakijifanya wanatazama kuta. Kisha mmoja akavuta kiti, na mwingine, na yule mama aliyeziba masikio ya mjukuu wake akampandisha mabegani ili aone ubao. Basi lilipiga honi mara tatu, likaondoka. Ngwarisho alikuwa anauliza, je, angemwacha askari yule akapanga ngome kwanza, na Stumai alikuwa anamjibu, tujaribu, wakati alipohisi mtu kasimama nyuma ya bega lake.

Alikuwa Sumaili. Kalamu zake tatu alizishika mkononi, hakujua la kuzifanyia.

"Mama," akasema, safari hii kwa kunong'ona kweli. "Kuna meza ya kumi na mbili. Ni yangu. Sijawahi kuifunua."

"Uliomba kesho?"

"Miaka tisa iliyopita."

Stumai akamwambia akalete kiti.